Jeneza la Darasa la Useremala

Katika skuli yetu, mwanafunzi akiingia kidato cha tatu alichagua fani moja ya amali ya kusoma pamoja na masomo mengine. Kulikuwa na ushoni, umeme wa majumbani, uashi na useremala. Mimi nilichagua useremala kwa sababu karakana yake ilikuwa na madirisha makubwa na harufu ya mbao mbichi, na kwa sababu sikuwa na subira ya kukaa nyuma ya cherehani. Mama yangu, nyumbani kwetu Mpendae, aliniuliza mara moja tu: "Na hiyo randa utakwenda nayo kwa mume?" Nikamwambia kuwa mume mwenyewe atakuja na dirisha bovu. Alicheka, na maneno yakaishia hapo.

Kazi yetu kubwa ilikuwa madawati. Yaliletwa kutoka kila darasa, miguu juu, nasi tukayarudishia miguu, migongo na vibao vya kukalia. Wanafunzi wa fani nyingine walituita waunga mifupa. Hatukuona vibaya. Dawati lililokwisha kupona lilirudi darasani, na baada ya muda lilirudi tena kwetu likiwa limevunjika mahali pengine.

Maalim wetu alikuwa mtu mrefu, mwenye asili ya Kiarabu, sauti yake ndogo kuliko mwili wake. Alipokuwa akipiga randa hakusema kitu, na sisi tulijifunza kumtazama mabega badala ya kusubiri maelezo. Aliishi na mama yake mzazi ghorofa ya juu kabisa ya nyumba moja Mji Mkongwe. Zamani nyumba nzima ilikuwa ya kwao. Siku hizo walikuwa wamebaki na ghorofa ile moja, na chini yao wakikaa watu wengine. Bibi huyo alikuwa mgonjwa. Miguu ilikuwa imevimba, moyo umechoka, na daktari alikuwa ameshasema asishuke ngazi tena. Haya yote tuliyajua bila kuambiwa. Kila mchana Maalim alipiga simu nyumbani akiwa amesimama kati yetu, na kwa kuwa mama yake hakusikia vizuri, ilimbidi apaze sauti, hata mtu aliyekuwa nje uwanjani alijua kama Bibi amekunywa uji au ameukataa.

Asubuhi moja walikuja karakana wazee wawili kutoka msikiti wa mtaani kwa Maalim. Jeneza la msikiti wao, lile moja linalobebea maiti wote wa mtaa na kurudishwa, lilikuwa limepasuka ubao wa ubavuni katika maziko ya karibuni. Waliobeba walisikia mlio, wakalishusha kabla halijaanguka, wakalifunga kamba na kwenda nalo mavani hivyo hivyo. Mtu mmoja alikuwa ametoa wakfu mbao za mfenesi. Walichotaka ni mafundi.

Maalim aliwasikiliza huku akipangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. Mwisho akauliza, "Kama lile lile?"

"Kama lile lile, Maalim. Watu wameshalizoea."

Akasema atalifanya na wanafunzi wake, na kwamba kazi hiyo itahesabiwa katika alama zetu za vitendo. Wazee wakamwombea dua wakaondoka. Sisi tukatazamana. Sote tulikuwa tukiwaza jambo moja: kwamba katika mtaa ule mgonjwa aliyejulikana na kila mtu alikuwa mmoja.

Aliyesema kwanza alikuwa mwanafunzi mwenzetu kutoka Makunduchi, aliyekuwa akikaa kwa mjomba wake mtaa wa Amani kwa ajili ya skuli. Hakuweza kuliacha jambo lolote zito likae peke yake. "Maalim," alisema, "hili nalo si dawati tu? Dawati la mtihani wa mwisho."

"Mtihani wenyewe hauna marudio," Maalim akamjibu. "Kwa hiyo piga mistari yako vizuri."

Tulikwenda msikitini tukalipima jeneza la zamani: urefu wa mbavu, upana, kimo cha miguu, na mikono minne iliyotokeza mbele na nyuma kwa ajili ya mabega ya wabebaji. Tulipima kwa makini, tukaangalia kila pembe kwa guniya, kile kipimo cha pembe mraba, tukarudi na michoro iliyofanana na jeneza lenyewe mpaka kwenye kasoro zake. Wiki ile tukapasua mbao. Mfenesi una rangi ya manjano inayong'aa ukikatwa, na karakana nzima ilionekana kama kuna mwanga wa ziada. Tulizoea kazi ile haraka. Vijana wa uashi walikuja kuchungulia dirishani, wakasema Mungu atuepushe, kisha wakakaa wakitazama.

Mbavu mbili zilipokwisha kusimama, mwenzetu wa Makunduchi alipiga picha kwa simu yake akaiweka katika kundi la darasa, na chini yake akaandika: "Wateja karibuni, hatuna haraka." Wengine wakaipeleka kwenye makundi ya nyumbani kwao. Siku ya pili ilikuwa imefika Bububu, kwa dada yake Maalim.

Alikuja mwenyewe. Tulimwona akivuka uwanja kwa haraka, buibui lake limejaa upepo, na kabla hajaufikia mlango alishaanza kusema.

"Mama yu hai! Mama anapumua, na mwanawe wa kumzaa yuko hapa anamchongea jeneza!"

"Shikamoo, dada," Maalim alisema.

"Usinipe shikamoo zako. Nnakuuliza wewe."

"Si lake, dada. La msikiti."

"Msikiti upi? Si wenu? Na mgonjwa wa mtaa ule nani? Watu wameshanipigia simu kunipa pole, na mie mama yangu nimemlisha boga jana. Unamchuria mama. Mbele ya watoto wa watu, unamchuria."

Kwa msomaji asiyelelewa kwetu, neno hilo si dogo. Kumchuria mtu ni kumwitia baya kwa kitendo au kwa kauli, kama mtu anayelia pasipo na msiba. Anayefanya hivyo hata bila ya kukusudia anaweza kulaumiwa maisha yake yote. Maalim aliiondoa penseli sikioni, akaiweka juu ya meza, akachukua turubai lililokuwa likifunika mbao za madawati akalitandaza juu ya mbavu zile za manjano. Dada yake aliondoka bila kuaga. Mwenzetu wa Makunduchi alikuwa amekaa sakafuni, simu mkononi, anafuta picha ambayo ilikuwa imeshafika kila mahali.

Tukarudi kwenye madawati. Wazee wa msikiti walituma mtu kuuliza, wakaambiwa kazi imesimama kidogo. Kamba ya jeneza lao la zamani ilitumika tena kwa maziko mawili, na mara zote mbili, tulisikia, watu walitembea na mayiti wakitazama ubao badala ya njia.

Jambo lilikuja kufunguliwa na mgonjwa mwenyewe. Siku moja Maalim alimaliza simu yake ya mchana, akabaki ameishika.

"Mama anawataka," alisema. "Amesema nimpelekee watoto wa jeneza. Na amesema, nnasikia mna msichana, naye aje."

Tulikwenda wanne. Ngazi za nyumba ile zilikuwa za mawe chini na za mbao juu, nyembamba, kali, na mahali palipokutana mawe na mbao zilikata kona ya ghafla kama mtu aliyekumbuka kitu. Juu ya kona ile ilipita boriti nene, nyeusi, na mtu mrefu ilimlazimu ainame. Tulifika juu tukihema. Bibi alikuwa kitandani karibu na dirisha, ameegemezwa mito, kanga kichwani, miwani usoni, simu ya binti yake mkononi. Binti mwenyewe, yule dada yake Maalim, alikuwa amekaa pembeni amenuna.

"Shikamoo, Bibi," tukasema.

"Marahaba. Nani kati yenu kapiga picha hii?"

Mwenzetu wa Makunduchi alitazama mlango, halafu akakubali. "Mie, Bibi. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Umeipiga upande. Miguu yake siioni." Akaisogeza simu karibu na macho, akaikuza picha kwa vidole viwili kwa ustadi ambao sikuutarajia. "Hebu niambieni. Hili litapanda juu?"

Maalim alisema, "Mama, jeneza halipandi juu. Linasubiri mlangoni."

"Ndiyo nikauliza. Najua linasubiri mlangoni. Baba yenu lilimsubiri mlangoni, naye akateremshwa kwa shuka. Wanaume wanne, na wa tano anawapigia kelele, kushoto, kulia, kama wanashusha kabati. Pale kwenye kona shuka ikanasa. Nilikuwa nimesimama hapo mlangoni, nikaona mguu wake."

Dada yake Maalim akasema, "Mama, maneno gani hayo? Watu wanakuombea afya."

"Na waniombee. Wewe unadhani siku hiyo ntaruka dirishani?" Kisha akamgeukia mwanawe, na sauti yake ikatulia. "Yeye alikuwa mwanamume. Mimi nimejifunika tangu nilipovunja ungo. Sitaki kuteremshwa mikononi mwa wanaume, nusu yao siwajui, na sanda yangu inaburura kwenye kuta. Nataka sitara. Nioshwe humu, nikafiniwe kwa sanda humu, nilazwe humu na nifunikwe humu. Nikishatoka mlango huu, nisiguswe tena mpaka mwanangu anishushe kaburini. Kama jeneza lenu halipiti, semeni, nilijue leo."

Swali hilo sisi wanafunzi hatukuwahi kujiuliza. Tulikuwa watu wa Mpendae, wa Amani, wa Bububu, wa shamba. Sote tulizaliwa katika nyumba za chini. Kwetu jeneza huingia mlangoni moja kwa moja, huwekwa ukumbini na hutoka lilivyoingia. Hata fundi aliyelichonga lile la zamani, ambaye sisi tulimwiga mpaka makosa yake, huenda alikuwa mtu wa nyumba ya chini. Msikiti umezungukwa na nyumba za ghorofa, na kwa miaka yote ile watu wa juu walikuwa wakiteremshwa kwa shuka na mikeka, na ikaonekana kuwa ndiyo desturi.

"Tutapima, Bibi," nilisema. Nilikuwa sijapewa ruhusa ya kusema.

"Pimeni," akasema. "Lakini msiniletee jeneza humu ndani nikiwa hai. Hapo binti yangu atakufa kabla yangu."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililoifanya kazi yetu kuwa ngumu. Jeneza haliingii katika nyumba isiyo na msiba. Kila kitu kilichotoka karakana kwetu kilijaribiwa kwanza: kiti kilikaliwa, mlango ulifunguliwa na kufungwa mpaka tukachoka. Hiki kisingeweza kujaribiwa pale kilipotakiwa kufanya kazi. Maalim alifikiri njiani tuliporudi, na siku iliyofuata akatutuma fito nyembamba, za kutosha kutengeneza kiunzi chenye urefu, upana na kimo cha jeneza. Tulizipeleka zimefungwa kama kuni, zisizo na umbo lolote, tukazigongea misumari kule kule juu, mlangoni mwa chumba. Dada yake Maalim aligeuza kiti akakaa akitupa mgongo.

Kiunzi cha kwanza kilikuwa na vipimo vya jeneza la zamani. Tulikibeba watu wanne, tukashuka hatua chache, tukafika kwenye kona, kikakwama. Tulipokiinua upande wa kichwa, mikono ya mbele ikagota boriti. Tulipokishusha, mikono ya nyuma ikabaki nje ya kona kama ng'ombe aliyekataa zizi. Ufito mmoja ukavunjika.

"Limepita?" Bibi aliita kutoka kitandani.

"Bado, Bibi!"

"Basi baba yenu alikuwa na haki ya kunasa!"

Nilimwona dada yake Maalim mabega yakimtikisika, na sikujua mara moja kama analia au anacheka.

Tulikata fito tukajaribu, tukakata tena. Mwenzetu wa Makunduchi, aliyekuwa amesimama chini kabisa ya kona, mgongo ukutani, ndiye aliyegundua kuwa kinachokwama si jeneza. Ni mikono. Mbavu zenyewe, zikipunguzwa kidogo tu, zingeweza kuzunguka zikiinuliwa kichwani na kulazwa ubavu kidogo. Mikono minne ya kubebea ndiyo iliyokuwa ikitafuta ukuta. Tukaikata yote. Kiunzi kikateremka, kikainama, kikageuka chini ya boriti na kutokea upande wa pili.

"Limepita, Bibi!"

"Alhamdulillahi," sauti ikajibu. "Sasa pandeni mnywe chai. Mmenitia vumbi mpaka kwenye dawa."

Tulirudi karakana tukalitoa turubai. Sehemu kubwa ya kazi tuliyokwisha kuifanya haikuweza kutumika, na Maalim alituacha tuumie kidogo kabla ya kutuonyesha jinsi ya kuzipunguza mbavu zile zile. Mikono tuliifanya ya kuchomeka: kila mmoja uliingia katika tundu refu lililochimbwa ndani ya ubavu, ukafungwa kwa kigingi cha mti kilichopita juu mpaka chini. Barabarani mikono ingekuwapo kwa mabega ya watu. Kwenye ngazi ingechomolewa, na wabebaji wangeshika mbavu zenyewe. Matundu yale manne niliyachimba mimi. Nilitumia patasi nyembamba na sikumruhusu mtu kunisaidia, si kwa majivuno. Nilikuwa najua kuwa siku jeneza hilo litakapobebwa, sitakuwamo miongoni mwa watakaoweka bega. Wanawake kwetu hawafuati maziko. Kazi yangu ingeishia mlangoni, kwa hiyo nilitaka iishie vizuri.

Tuliongeza ubao miguuni, umesimama wima, ili mayiti asiteleze pale jeneza linapoinama. Kifuniko tulikifanya cha upinde mdogo kuliko wa zamani, kwa ajili ya boriti. Tulijaza magunia mawili mchanga, tukayafunga pamoja ndani ya mkeka, tukayateremsha na kuyapandisha ngazi za skuli mpaka walinzi wakatuuliza kama hatuna walimu. Ubao wa miguuni haukutikisika.

Wazee wa msikiti walipokuja kulichukua, mmoja alilizunguka. "Tulisema kama lile lile," akanung'unika.

"Lile lilikuwa linangoja mlangoni," Maalim alimwambia. "Hili litapanda kumfuata mwenyewe." Akachomoa mkono mmoja, akaurudisha, akapiga kigingi.

Mzee akauvuta mkono ule kwa nguvu, mara mbili. "Na hautachomoka barabarani?"

"Vuta tena."

Akavuta tena. Halafu akavua kofia, akajifuta jasho, akasema Mungu alijaalie likae muda mrefu bila kazi. Tukaitikia amin. Halikukaa. Lilianza kazi mwezi ule ule, kwa watu wa nyumba za chini, mikono yake ikiwa mahali pake, na hakuna aliyegundua kuwa lina tofauti na la zamani.

Bibi alikaa baada ya hapo muda mrefu kuliko alivyotarajia daktari. Alifunga nasi Ramadhani kwa maneno tu, kama alivyosema, maana kwa mwili hakuweza. Alifariki wakati wa masika, alfajiri, mwanawe yupo, binti yake yupo. Nilipofika pamoja na mama yangu mvua ilikuwa imekatika na kichochoro kilikuwa kimejaa viatu na wanaume waliosimama kando ya maji. Wenzangu wa darasa walikuwa pale, wamevaa kanzu, wengine fupi. Mimi nilipanda juu kwa wanawake.

Jeneza lilikuwa limeshapandishwa, liko katikati ya chumba, mikono yake imechomolewa. Chumbani kwa Bibi lilionekana dogo kuliko lilivyoonekana karakana. Walioosha walikuwa wameshamaliza na kumkafini. Dada yake Maalim alikuwa amepiga magoti kwenye ncha ya miguuni, anaupitisha mkono juu ya ule ubao wa kuzuia, mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta mwiba.

"Mmeupiga msasa?" aliniuliza bila kuinua uso.

"Tumeupiga, Bi. Pande zote."

Aliupitisha mkono mara moja tena, kisha akasogea. Maalim na maharimu wengine, jamaa wa kiume wa karibu walioruhusiwa kumshika, wakaingia, wakamlaza Bibi, wakafunika kifuniko, na wanawake wakatandaza nguo juu yake mpaka hakukuonekana kitu isipokuwa umbo la upinde. Tangu hapo hakuna mkono uliomgusa.

Ngazi zile hazikuwa na nafasi ya watu wengi. Walishika wanne. Maalim alikuwa kichwani. Chini, upande wa ukuta, alikuwa mwenzetu wa Makunduchi. Wapo jamaa waliotaka kuishika ile pembe, nilisikia wakisema, naye akawaambia kwa adabu kwamba kona ile anaijua. Wakamwachia.

Tulisimama mlangoni nyuma ya pazia. Dada yake Maalim alikishika kifundo cha mkono wangu. Tulisikia bismillahi, tukasikia miguu kwenye ngazi za mbao, moja baada ya nyingine, na sauti ya Maalim ikisema polepole, polepole. Halafu mtu akasema, "Simama." Ilikuwa sauti ya mwenzetu. Miguu ikasita. Nilijua kuwa wako chini ya boriti, na niliyapitia matundu yangu manne akilini, na mbavu, na kimo cha kifuniko, nikitafuta wapi tulikosea. Wanawake nyuma yangu waliacha kusoma. Vidole vya dada yake Maalim vilikuwa vimenibana mpaka nikawa sihisi kiganja changu.

"Inueni kichwa," ikasema sauti ile ile, lakini imebanwa, kama ya mtu anayesema huku ameuma meno. "Zaidi. Haya. Twendeni."

Miguu ikaendelea, sasa juu ya mawe. Baadaye kidogo tukasikia mikono ikichomekwa, vigingi vikigongwa, kisha wanaume wote kichochoroni wakainua sauti kwa la ilaha illa Llah, na sauti hiyo ikaanza kwenda.

"Limepita?" dada yake Maalim aliniuliza.

"Limepita, Bi."

"Hawajamshika?"

"Hawajamshika. Limepita na yeye ndani."

Akauachia mkono wangu. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti ndogo iliyofanana na ya ndugu yake, na wanawake wakamkalisha kitandani kwa mama yake na kumfungulia dirisha.

Maalim alirudi karakana baada ya hitima ya mama yake. Alitushukuru, akagawa kazi. Tulikuwa tunapiga randa alipofika mbele ya mwenzetu wa Makunduchi na kumwona ameishika randa kwa namna ya ajabu, vidole vya mkono wa kulia vimefungwa kitambaa.

"Umefanya nini?"

"Si kitu, Maalim."

"Fungua nione."

Alikifungua. Ngozi ya vifundo vyote vinne ilikuwa imetoka, na kidonda kilikuwa kimeanza kukauka pembezoni, kina chembe nyeupe za chokaa ndani yake.

"Wapi?"

"Kwenye kona." Alisita. "Siku ile tulipojaribu, fito hazikuwa na mtu wa kuzishika kwa nje, Maalim. Tulipima jeneza. Hatukupima vidole."

Maalim alikiinamia kile kidonda. "Ndiyo maana ulisimama."

"Nilisimama nione kama nitaweza kubadilisha mkono. Haikuwezekana. Ningeliachia jeneza, lingelala upande wangu." Akajaribu kucheka. "Basi nikaona ukuta nao una haki yake."

Maalim aliuchukua mkono ule kwa mikono yake yote miwili, taratibu, vidonda vikiwa juu, kama vile watu wanavyomshika mkono mfiwa wanapompa pole, na akabaki ameushika. Mwenzetu aliangalia chini. Alipotaka kuuvuta, Maalim hakumwachia.